Tumpe Mwanafunzi Anayeshindwa Kazi ya Kufanya

Ufikapo mwezi wa Januari, wakati mvua imekwisha kuilainisha ardhi ya Dodoma iliyokuwa kavu kwa miezi mingi, na kila mwenye jembe yuko kondeni akipalilia uwele na mtama wake, ndipo milango ya shule za nyanda hizi za kati inapofunguliwa kwa mwaka mpya, na ndipo watoto wa darasa la kwanza, kuanzia Bahi hadi Mpwapwa na kuanzia Kondoa hadi Kongwa, wanapoingia darasani kwa mara ya kwanza. Aliyeipanga kalenda hiyo hakukusudia ubaya. Walakini yeyote aliyeishi katika nchi ya Wagogo anajua ya kuwa Januari, Februari na Machi ndiyo miezi ambayo maghala huwa karibu matupu, mavuno yakiwa bado yako mbali, na kwamba mtoto wa mkulima huianza safari yake ya elimu katika msimu ule ule ambao nyumbani kwao mlo hupungua na kazi za shamba huzidi. Kwa hiyo, kabla hajaandika herufi moja, mtoto huyu amekwisha kuachwa nyuma na mwenziwe aliyekunywa chai na kitafunwa, na ambaye hakuamshwa alfajiri kuwatoa ng'ombe zizini kabla ya kengele ya shule kulia.

Nimeanza na kalenda kwa makusudi, kwa sababu tumezoea, tunapozungumza juu ya wanafunzi wanaoshindwa, kuanza na akili zao. Husema wazazi, na wakati mwingine husema walimu, ya kuwa mtoto fulani ni mzito, au kichwa chake ni kigumu, au kazi yake ni kuchunga tu. Na hukumu hiyo ikisha kutamkwa mbele yake mara kadhaa, yeye mwenyewe huisadiki, akaacha hata ile juhudi ndogo aliyokuwa nayo. Rai yangu ni kwamba wengi wa wanafunzi hawa hawakunyimwa akili na Mola wao. Wamefika darasani bila maandalizi, na wakisha kufika wamewekwa katika hali ya kusikiliza na kunakili tu, na msaada ambao aghalabu tunawapa, yaani saa nyingi zaidi za kusikiliza na kunakili, hauwatoi pale walipokwama.

Darasa lililonyamaza

Apendaye kuithibitisha hali hii na aingie katika darasa la kidato cha kwanza la mojawapo ya shule za kata vijijini, wakati wa kipindi ambacho mwalimu, kwa wingi wa vipindi vyake, ameitwa kwingine. Atamkuta kiranja, chaki mkononi na daftari la mwalimu limefunguliwa mbele yake, akiandika notisi ubaoni kwa Kiingereza, mstari baada ya mstari, ilhali wenziwe wamejiinamia juu ya madaftari yao wakinakili kwa mwandiko safi wa kupendeza, na kila mmoja akipiga rula chini ya kichwa cha habari. Amwombe mmoja wao amweleze, kwa Kiswahili au kwa lugha yoyote aitakayo, maana ya ile sentensi aliyoimaliza punde hivi. Kijana atatabasamu kwa haya, ataitazama sentensi yake kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine, kisha atamwangalia jirani yake, ambaye naye atainamisha kichwa. Mwalimu arudipo huuliza, "Mmeelewa?" na darasa zima huitikia kwa sauti moja, "Ndiyo, mwalimu!"

Itikio lile si uongo uliokusudiwa. Mtoto wa Kigogo, au wa Kirangi, au wa Kinyaturu kule Singida, amelelewa kumstahi mkubwa wake, na kumwambia mkubwa mbele ya hadhara kwamba maneno yake hayakueleweka huonekana kwake kuwa ni kumvunjia heshima. Adabu hii ni njema, na sitaki apatikane mtu wa kuwapokonya watoto wetu. Lakini darasani, pasipo njia iliyohalalishwa ya kusema "sikuelewa," adabu hiyo hiyo humficha mwanafunzi asionekane na mwalimu wake, hata mtihani unapokuja kumfichua wakati ambao hakuna tena nafasi ya kumsaidia.

Taifa zima liliyaona matokeo ya ukimya huo mwezi wa Februari 2013, yalipotangazwa matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012, ambamo zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri, hata Waziri Mkuu wa wakati ule, Mheshimiwa Mizengo Pinda, akaunda tume ya kuchunguza kisa chake. Sababu zilikuwa nyingi, na si haki kumbebesha mtu mmoja lawama: tangu ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari mwaka 2004 shule za kata zilikuwa zimejengwa kwa hima kubwa, na walimu, maabara, vitabu na nyumba za walimu havikuweza kwenda mbio zile zile. Walakini katika jitihada za kuinua ufaulu tangu wakati ule, njia iliyoenea kupita zote imekuwa ni kuongeza muda: masomo ya ziada ya jioni, tuisheni za Jumamosi, na kambi za kitaaluma ambamo watahiniwa hukusanywa wiki kadhaa kabla ya mtihani, wakalala shuleni na kufundishwa tangu alfajiri hadi usiku. Sizibezi kambi hizo, kwa maana najua wapo walimu wanaojitolea ndani yake pasipo malipo ya kutosha. Hata hivyo, kumwongezea saa za kusikiliza kijana ambaye hakufunzwa namna ya kulishika lile analolisikia ni sawa na kummiminia maji kibuyu kilichozibwa mdomo: maji mengi yatamwagika, na aliyemimina atasema kibuyu ndicho kibaya.

Wala fikra hii si ngeni kwetu. Machi 1967, Mwalimu Julius Nyerere alipotoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule zimjenge kila raia katika mambo matatu: akili yenye kudadisi, uwezo wa kujifunza kutokana na yale wayafanyayo wengine, akayakataa yasiyomfaa na kuyageuza yanayomfaa yalingane na mahitaji yake, na imani juu ya nafsi yake, akiwa mtu huru aliye sawa na wenziwe. Watu wengi waliousoma waraka ule, au waliousikia tu ukisimuliwa, walibaki na kumbukumbu ya mashamba ya shule na majembe, wakalisahau lile la kwanza, ambalo ndilo kitovu chake. Mwandishi wa waraka huo alikuja mwenyewe kukaa na kufanya kazi kijijini Chamwino, pamoja na Wagogo, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ingekuwa aibu kwetu sisi tunaoishi jirani na Chamwino kuuendeleza mtindo wa darasa ambalo ndani yake kudadisi ni utovu wa adabu.

Mwana wa Ihumwa na ruhusa ya kutojua

Wanaotafuta dawa ya jambo hili katika vitabu vya ng'ambo pekee na wakumbuke kwanza ya kuwa katika ardhi hii hii ya Dodoma alizaliwa mtu aliyetuachia njia moja iliyo tayari. Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 huko Ihumwa, mashariki ya mji wa Dodoma, mahali ambapo leo pamekuwa jirani na Mji wa Serikali wa Mtumba. Alikuwa Mgogo, mtoto wa bara, wala si mzaliwa wa pwani aliyenyonya Kiswahili pamoja na maziwa ya mama. Na juu ya hayo, hata alipofariki mwaka 1969, alikuwa amekwisha kuwa mtumishi wa serikali na hakimu, mwandishi wa historia, mila na desturi za Wagogo, mshairi miongoni mwa washairi wakubwa wa Kiswahili wa zama zake, na kiongozi wa UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi. Maisha yake yatosha kuwajibu wale wanaodhani kwamba mtoto aliyeanza na Kigogo hana budi kuwa nyuma katika lugha ya shule daima.

Lakini linalonihusu zaidi hapa ni ngonjera, mtindo wa ushairi wa majibizano alioustawisha yeye, na ambao ulienea katika shule za msingi za nchi nzima katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha. Wengi tunaikumbuka ngonjera kama pambo la sherehe, watoto wakiwa wamevaa sare zilizopigwa pasi mbele ya mgeni rasmi. Tuitazame kwa makini, tutaona ndani yake hekima ya ufundishaji iliyo kubwa. Katika ngonjera huwapo mmoja asiyejua, au asiyekubali, ambaye husimama mbele ya watu akauliza, akapinga, akataka hoja; huwapo mwingine anayemjibu; na mazungumzo yao husonga mbele hata haki ikabainika na wote wawili wakakubaliana. Yule asiyejua haaibishwi, kwa kuwa bila yeye hakuna ngonjera. Kwa maneno mengine, ngonjera humpa mtoto ruhusa ya kutojua hadharani, na ruhusa hiyo ndiyo hasa anayoikosa mwanafunzi wetu katika kipindi cha hisabati au cha baiolojia.

Basi kwa nini mwalimu wa sayansi asiwagawe wanafunzi wake wawili wawili, mmoja akapewa kazi ya kuwa mkulima wa Kongwa anayeuliza kwa nini mahindi yake yananyauka ilhali mtama wa jirani umesimama, na mwingine akapewa kazi ya kumjibu kwa yale waliyojifunza juu ya mizizi, majani na upotevu wa maji? Na kwa nini mwalimu wa hisabati asimteue kila siku mwanafunzi mmoja awe ndiye "asiyekubali," ambaye wajibu wake ni kuisimamisha hesabu ubaoni kila mstari na kudai aelezwe sababu yake? Mtoto ambaye kwa nafsi yake asingethubutu kuinua mkono, atauliza bila haya akiwa amepewa sehemu ya muulizaji. Na akisha kuuliza mara nyingi kwa kuagizwa, atauliza kwa kutaka mwenyewe.

Vidole vya Buigiri

Mwaka 1950 Kanisa la Anglikana lilianzisha huko Buigiri, katika wilaya ambayo sasa ni ya Chamwino, shule ya watoto wasioona, ya kwanza ya aina yake katika nchi yetu. Wengi hupita Buigiri kwa basi wakielekea Morogoro bila kuigeukia, na kumbe kuna somo pale kwa kila mwalimu wa watoto wanaoona. Mwanafunzi asiyeona hawezi kuketi nyuma ya darasa akalitazama neno. Hana budi kulitafuta kwa ncha za vidole, nukta kwa nukta, zile nukta sita ambazo mpangilio wake ndio huzaa kila herufi ya maandishi ya nukta nundu. Anapoandika kwa kibao na msumari wake hutoboa karatasi kutoka kulia kwenda kushoto, kisha huigeuza ili aweze kuisoma kutoka kushoto kwenda kulia, hivyo kila neno hupita akilini mwake mara mbili na katika mikono yake mara mbili. Notisi za ubaoni hazimfai kitu; lazima asikie, achague la kuandika, aliandike, alipapase tena kulihakiki, na pale asipoelewa, aulize, kwa sababu hawezi kujificha nyuma ya mwandiko mzuri.

Sisemi haya kuufanya upofu uonekane kuwa neema, wala kuwasahau wanafunzi wa namna hii wanaohitaji mashine, karatasi ngumu na vitabu vya nukta nundu ambavyo havipatikani kwa urahisi. Nasema kwamba pale ambapo mazingira yenyewe hayamruhusu mwanafunzi kuwa mtazamaji, hujifunza kwa mwili na akili pamoja, na kwamba sisi tunaowafundisha wanaoona tunaweza kuyaweka mazingira kama hayo kwa hiari yetu.

Lugha tatu kwa miaka minane

Fauka ya njaa na ukimya, upo mzigo wa lugha. Mtoto wa Chemba huweza kuianza dunia kwa Kirangi, Kiburunge au Kisandawe. Katika darasa la kwanza hukutana na Kiswahili, ambacho kwake si cha nyumbani. Na mara tu anapokuwa ameanza kukimudu na kukipenda, akamaliza elimu ya msingi, kidato cha kwanza humpokea kwa Kiingereza, ambamo ndani yake hufundishwa karibu kila somo. Kila mara anapovuka, ule ujuzi alioupata ng'ambo ya pili huonekana kana kwamba umetoweka, na mtoto aliyekuwa mwepesi wa kujieleza huwa bubu.

Katika miaka ya 2010 Chuo Kikuu cha Dodoma, kikishirikiana na Taasisi ya Elimu Tanzania, Chuo Kikuu cha Aga Khan na Chuo Kikuu cha Bristol cha Uingereza, kililishughulikia jambo hili katika shule za kata za vijijini, Dodoma ikiwa miongoni mwa mikoa iliyohusika. Waliandaa vitabu vya majaribio vya kidato cha kwanza, katika masomo kama baiolojia, hisabati na Kiingereza, ambavyo Kiingereza chake kilikuwa chepesi na sentensi zake fupi, maneno magumu yakafasiriwa kwa Kiswahili, picha zikatumika kusaidia maana, na kila sehemu ikaambatana na kazi ya kuzungumza, ya kusoma na ya kuandika, wanafunzi wakiwa na idhini ya kuijadili fikra kwa Kiswahili kwanza kabla ya kuisema kwa Kiingereza. Wakati watu wazima wakiendelea na mjadala wa lugha ipi itumike kufundishia, mwalimu wa kawaida hahitaji kungoja hitimisho lake ili afuate kanuni iliyomo humu: fikra ifahamike kwanza katika lugha ambayo mtoto anaweza kuuliza kwayo, kisha ivikwe lugha ya mtihani. Orodha ya maneno kumi ya somo la kesho, yenye maana zake kwa Kiswahili, iliyobandikwa ukutani leo jioni, ni maandalizi yasiyogharimu zaidi ya karatasi moja.

Kadhalika kwa wadogo zao. Programu ya EQUIP-Tanzania, iliyogharimiwa na Serikali ya Uingereza kuanzia mwaka 2014, na ambayo Dodoma ilikuwa miongoni mwa mikoa yake, iliandaa madarasa ya utayari wa kuanza shule kwa watoto wa vijiji ambavyo elimu ya awali haikuwa imefika vizuri. Wiki chache tu kabla ya darasa la kwanza, watoto walikusanywa chini ya uangalizi wa wasaidizi waliotoka katika jamii zao wenyewe, wakasimuliwa hadithi, wakacheza, wakaimba, wakahesabu vitu walivyovishika mikononi, na zaidi ya yote wakakizoea Kiswahili cha darasani kutoka kwa mtu waliyemfahamu na aliyeifahamu lugha ya nyumbani kwao. Tunajifunza hapa ya kuwa kijana wa kijiji aliyemaliza kidato cha nne, hata kama matokeo yake hayakumpeleka mbali, ni hazina kwa watoto wadogo wa kitongoji chake, na kwamba kijiji chenye nia kinaweza kumtumia bila kungoja mradi mwingine.

Mazoea ya mtu anayejiandaa

Sasa nizungumze na mwanafunzi mwenyewe, hususan yule ambaye amekwisha kukata tamaa, kwa sababu yapo mambo ambayo hakuna mwalimu wala mzazi awezaye kumfanyia.

La kwanza ni kuliendea somo kabla halijamjia. Jioni, kabla giza halijaingia, asome ukurasa mmoja wa somo la kesho, hata kama hataelewa nusu yake, kisha aandike maswali mawili juu ya yale yaliyomtatiza. Kesho yake hatakuwa tena msikilizaji mtupu. Atakuwa ni mtu anayengoja jibu, na mtu anayengoja jibu hasinzii.

La pili ni kujipima. Vijana wengi huamini kuwa kusoma ni kulirudia daftari mara kumi hata wakalizoea, na mazoea hayo wakayadhania kuwa ni maarifa. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wataalamu wa elimu ya nafsi wa Marekani, walitoa matokeo ya majaribio ambamo baadhi ya wanafunzi walikisoma kifungu cha habari na kukirudia kukisoma, na wengine walikisoma kisha wakajaribu kukiandika kutoka kichwani bila kukitazama. Walipoulizwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walionekana kukumbuka zaidi. Lakini walipoulizwa baada ya wiki moja, wale waliojipima walikuwa wamewapita kwa mbali. Kwa hiyo mwanafunzi na alifunge daftari, achukue karatasi tupu, aandike yote anayoyakumbuka, halafu alifungue ajisahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine. Kazi hii inachosha, wala kuchoka kule si dalili ya uzito wa kichwa, maana ndiko kujifunza kwenyewe.

La tatu ni kumweleza mwenzake. Katika nchi ya Wagogo binti hajifunzi kuipiga ngoma ya muheme kwa kusomewa habari zake. Hukaa karibu na mama na shangazi zake, huwatazama, hupewa nafasi, hukosea, husahihishwa, na siku moja ngoma huwa ni yake. Elimu ya shule nayo hukaa kwa aliyeitumia mbele ya watu. Vikundi vya wanafunzi wanne wanne, ambamo kila mmoja amepewa mada yake ya kuwafundisha wenziwe watatu, vina faida kuliko kikundi cha watu ishirini wanaomsikiliza mmoja aliye hodari.

La nne ni kuuliza, na hapa mzigo mkubwa uko kwa mwalimu. Kuuliza si ujinga, walisema wazee. Lakini mtoto aliyewahi kuchekwa au kuchapwa kwa sababu ya jibu lisilo sahihi hataisadiki methali hiyo kwa kuisoma ukutani. Kanuni za mwaka 2002 zinaelekeza kwamba adhabu ya viboko isizidi vinne, itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na iandikwe katika kitabu maalumu. Na hata pale sheria inaporuhusu fimbo, busara inatuambia ya kuwa kosa la hesabu si kosa la nidhamu. Mwalimu anayemchapa mtoto kwa kukosea amemfundisha jambo moja tu, nalo ni kunyamaza.

Wajibu wa nyumbani na wa kijiji

Mwanafunzi hawezi kujiandaa ikiwa hana saa ya kufanya hivyo. Binti atokaye shuleni akatembea kilomita kadhaa, akabwaga madaftari, akaichukua ndoo kwenda kisimani, akarudi kutwanga, kupika mlenda na kumbeba mdogo wake, atakapopata nafasi ya kuketi itakuwa ni usiku, na usingizi utakuwa umemshinda. Siwaambii wazazi wawaondolee watoto kazi zote, kwani kazi nayo ni malezi. Nawaomba watenge saa moja kila jioni ambayo ni haki ya daftari, na ambayo kaka yake, bila kudhani amedhalilishwa, atashika ile ndoo. Mzazi asiyejua kusoma naye anaweza kumsaidia mwanawe, kwa kumwambia kila jioni, "Nieleze ulichojifunza leo," kisha akamsikiliza hadi mwisho na kumwuliza pale asipofahamu.

Na juu ya chakula, tangu Januari 2016 Serikali imeondoa ada na michango ya lazima katika shule za msingi na katika kidato cha kwanza hadi cha nne, lakini uji wa saa nne umebaki kutegemea makubaliano ya wazazi. Makosa yetu ni kuuomba mchango huo mwanzo wa mwaka, wakati ambapo mkulima wa Dodoma hana kitu. Kamati za shule, pamoja na umoja wa wazazi na walimu pale ulipo, na ziombe debe la mtama au uwele wakati wa mavuno, kati ya Mei na Julai, wakati ambapo kutoa ni rahisi, nafaka ikahifadhiwa vizuri katika stoo ya shule kwa ajili ya miezi mitatu ya kwanza ya mwaka unaofuata. Mkoa wetu unalima mazao yanayostahimili ukame, na itakuwa ni jambo la kusikitisha ikiwa mtoto atakosa uji wa uwele katika nchi ya uwele.

Kwa walimu, ambao mizigo yao naifahamu, mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, yaani MEWAKA, umewapa nafasi ya kukutana shuleni mwao na kujifunza wao kwa wao. Nafasi hiyo isiishie katika kujaza fomu. Walimu na wawapime wanafunzi wao mwanzoni mwa muhula, si kwa ajili ya kuwapanga kwa namba, bali wajue ni nani asiyeweza kusoma aya moja, nani asiyejua kutoa kwa kukopa, wakawafundishe pale walipo. Shirika la Pratham la India limejulikana ulimwenguni kwa kufuata njia hiyo: kwa sehemu ya siku watoto hupangwa kwa kadiri ya uwezo wao wa kusoma na kuhesabu, wala si kwa umri wala darasa, nao hupewa kazi inayolingana na hatua waliyofika. Mtoto wa darasa la tano asiyeweza kusoma neno la silabi tatu hapotezi heshima yake kwa kurudishwa kwenye silabi. Huipoteza kila siku anapoketi mbele ya kitabu asichoweza kukifungua.

Nawasihi basi walimu wa Dodoma na wa Singida, wa shule za msingi na za sekondari, kwa muhula mmoja tu waliache lile swali la "Mmeelewa?" na mahali pake wamwambie kila mwanafunzi amgeukie jirani yake, amweleze kwa dakika mbili alichokisikia, kisha wasikilize yanayosemwa. Nawasihi wazazi watoe debe wakati wa mavuno na saa moja kila jioni. Nawe kijana uketiye nyuma ya darasa, ambaye umeambiwa kwamba huwezi, andika swali lako leo usiku na uliulize kesho asubuhi. Ni haki yako, na hakuna mtihani utakaokuuliza jambo lililo zito kuliko hilo la kusimama mara ya kwanza.